Utu wa Ndani: Imani na Uhuru katika Historia ya Bagamoyo

Historia ya mwambao ulio kaskazini ya Dar es Salaam aghalabu husimuliwa kwa mambo yaonekanayo kwa macho. Mwanafunzi husoma habari za misafara ya wapagazi, pembe za ndovu, minyororo ya watumwa, majahazi ya kwenda Unguja, na boma la Wajerumani. Mambo hayo yote ni ya kweli, na hayana budi kufundishwa. Lakini watu waliopita katika njia zile walikuwa pia na fikira zao, hofu zao na matumaini yao. Nao walipofika pwani walikutana na dini zilizowafundisha kwamba ndani ya kila mwanadamu mna mahali ambapo Mungu hujulikana. Makala haya yanakusudia kuichungua historia hiyo ya ndani. Swali letu ni hili: mtu aliyenunuliwa sokoni kama mbuzi alielewa nini alipoambiwa kwamba ufalme wa Mungu hautafutwi katika majumba ya wafalme, kwa kuwa yeye mwenyewe anaubeba moyoni? Je, mafundisho hayo yalikuwa mlango wa uhuru wake, au yalikuwa njia ya kumfanya aridhike na kifungo?

Kabla ya kuyatazama maandiko ya Kikristo, yafaa kwanza tuwatazame wenyeji. Njia itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hupita Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga kabla ya kuingia mjini. Pwani hiyo tangu zamani ina makazi ya Wazaramo, na ukielekea bara na kaskazini wako Wakwere, Wadoe na Wazigua. Katika jamii hizi neno "ndani" lilikuwa na uzito mkubwa katika malezi. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali. Humo alifundwa na kungwi kwa nyimbo, kwa mafumbo na kwa vielelezo, mbali na macho ya watu. Muda ulipotimia alitolewa nje kwa ngoma na shangwe, naye akapokewa na jamii kama mtu mpya mwenye wajibu mpya. Mtafiti kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, aliyeishi Bunju katika miaka ya 1960, alizichunguza mila hizi kwa makini, na kitabu chake juu ya ibada na ishara za Wazaramo kilitolewa mwaka 1970.

Tunajifunza nini hapa? Tunajifunza kwamba kwa watu wa pwani hii ndani palikuwa mahali pa kufinyangwa, na kwamba aliyewekwa ndani alitarajiwa kutoka. Mwali ambaye hatolewi hajatimiza jambo. Tulishike wazo hili, kwa maana litatufaa mbele. Katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, Yesu anawaagiza wanafunzi wake waingie chumbani, wafunge mlango, na kumwomba Mungu kwa siri badala ya kujionyesha njiani. Wakristo wa Ulaya walikuwa wameufafanua mstari huo kwa karne nyingi kuwa ni mfano: chumba ni moyo, na mlango ni milango ya hisi inayofungwa ili mtu azinduke na kumtambua Mungu aliyemo tayari. Msikilizaji aliyelelewa katika mila za Wazaramo au Wakwere alikuwa na kielelezo cha karibu zaidi kuliko hicho, kwa kuwa alikwisha kuona kwa macho yake jinsi binadamu anavyofanywa upya nyuma ya mlango uliofungwa.

Sasa tuingie katika habari za misheni. Mwaka 1860 mapadre waliotoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja wakiongozwa na Padre Fava. Mwaka 1863 kazi yao ilikabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu chini ya Padre Antoine Horner, na mwaka 1868 shirika hilo likafungua kituo Bagamoyo. Watu wa kwanza wa kituo hicho walikuwa hasa watoto na vijana waliokombolewa kutoka utumwani, wengi wao kwa kununuliwa katika soko la Unguja. Walifundishwa dini, kusoma, kilimo, useremala na uashi. Walipokua na kuoana walipewa nyumba na shamba katika kijiji kilichokuwa chini ya misheni. Tufani ya mwezi wa Aprili 1872 ilibomoa majengo na kung'oa minazi, lakini kazi ilianzwa tena. Mwaka 1877 baadhi ya familia za kijiji hicho zilikwenda pamoja na mapadre kuanzisha kituo cha Mhonda, huko bara. Kwa hiyo waliokuwa wameletwa pwani kwa minyororo walirudi bara wakiwa walimu wa dini, mafundi na wakulima.

Mapadre hao walikuja na namna maalumu ya kuyasoma maandiko. Kiongozi wao wa kiroho alikuwa Francis Libermann, aliyezaliwa mwaka 1802 huko Saverne, katika jimbo la Alsace nchini Ufaransa. Alikuwa Myahudi, mwana wa rabi, na alibatizwa mwaka 1826. Ugonjwa wa kifafa ulimzuia kupata upadre kwa miaka mingi, hata akaupata mwaka 1841. Mwaka huo huo alianzisha shirika lililoitwa kwa jina la Moyo Mtakatifu wa Maria, ambalo mwaka 1848 liliunganishwa na Shirika la Roho Mtakatifu. Alifariki Paris mwaka 1852, kabla mtu wa shirika lake hajafika Unguja. Mwaka 1840, alipokuwa Roma akingoja uamuzi juu ya mpango wake wa kuwahudumia Waafrika, aliandika ufafanuzi wa Injili ya Yohana, ambao hakuumaliza. Katika ufafanuzi huo hakujishughulisha sana na tarehe wala na mabishano ya wanazuoni. Alilisoma kila neno la Injili kama habari za yanayotendeka sasa ndani ya nafsi ya msomaji: nuru inayong'aa gizani, maji yanayobubujika, kuzaliwa mara ya pili.

Jambo la pili katika mafundisho ya Libermann linahusu kazi. Alifundisha kwamba mtu anaweza kukaa mbele ya Mungu daima, hata anapolima, anapojenga au anapouguza mgonjwa, mradi moyo wake uwe mtulivu na usikivu. Aliuita hali hiyo muungano wa matendo. Jambo la tatu ni agizo lake kwa wamisionari wa Afrika. Katika barua ya mwaka 1847 aliwataka waache mila na desturi za Ulaya, wajifanye Waafrika pamoja na Waafrika, na wakae nao kama watumishi wakaavyo na mabwana zao. Mtu akiyasoma maagizo hayo leo atashangaa jinsi yalivyotangulia wakati wake.

Hata hivyo, mwandishi wa historia hawezi kuridhika na maneno mazuri. Hana budi kuyapima kwa matendo. Katika kijiji cha Bagamoyo waliokombolewa hawakuwa huru kwa maana tunayoifahamu sisi. Kengele iliamua saa ya kuamka, saa ya kusali na saa ya kwenda shambani. Sehemu ya kazi yao ilikuwa mali ya misheni. Ndoa zao zilisimamiwa na mapadre, na waliokosa waliadhibiwa. Si ajabu kwamba wapo waliotoroka, na kumbukumbu za wamisionari wenyewe zinashuhudia hivyo. Mtu alikombolewa kutoka kwa bwana mmoja akajikuta chini ya amri ya mwingine, ingawa huyu wa pili alimfundisha kusoma, alimtibu alipougua, na alimwita mtoto wa Mungu. Waliotakiwa kuwa watumishi mbele ya Waafrika walikuwa wamekuwa mabwana wa kijiji.

Hapo ndipo mafundisho ya moyo yanapofikia mtihani wake. Jina la Bagamoyo lenyewe linatukumbusha jambo hili. Wako wanaosema kwamba lilitokana na "bwaga moyo", yaani mpagazi aliyetoka bara alifika hapo akatua mzigo na kuutuliza moyo. Wengine husema kwamba mtumwa ndiye aliyeubwaga moyo wake hapo, akakata tamaa, kwa sababu ng'ambo ya bahari hakuna kurudi. Hatuna haja ya kuamua kati ya maelezo hayo mawili. Yote mawili yanakiri kwamba moyo ni kitu ambacho mwanadamu anaweza kukitua, kukibeba au kukipoteza. Mafundisho ya dini yalimwambia mtumwa habari ya tatu: kwamba moyo huo hakuna mnunuzi aliyeulipia, wala dalali aliyeutangaza mnadani.

Mafundisho kama hayo yalihitaji maneno, na maneno yalikuwapo. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Huko Unguja Edward Steere, aliyekuwa askofu wa Kianglikana kuanzia mwaka 1874 hadi kufa kwake mwaka 1882, aliendesha kazi kubwa ya kutafsiri vitabu vya Biblia. Kwa upande wa Wakatoliki, Padre Charles Sacleux alikusanya maneno ya Kiswahili kwa miaka mingi, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilitolewa Paris kati ya mwaka 1939 na 1941. Watu hao wote walikuta lugha iliyokwisha kutumika kwa karne nyingi kuzungumzia mambo ya Mungu. Imani, roho, nafsi, dhamiri, sala na toba ni maneno yaliyokuwa yamekaa pwani pamoja na Uislamu. Mfasiri mmoja, Karl Roehl, katika Biblia yake ya mwaka 1937, alijaribu kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Biblia ya muungano iliyotolewa mwaka 1952, iliyokusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa Unguja, Mombasa na bara, haikuifuata njia hiyo.

Tuchukue mifano michache. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unaanza kwa kueleza imani ni nini. Katika tafsiri ya mwaka 1952 yanatumika maneno mawili mazito: "hakika" na "bayana". Bayana ni neno linalofahamika katika baraza la kadhi, maana yake ushahidi unaoondoa shaka. Hakika nayo, katika mafundisho ya tarika za Kiislamu, ni daraja ya ndani kabisa ambayo mtu huifikia akiisha kuishika sheria na kuifuata njia. Hivyo Mkristo wa pwani anayesoma mlango huo anasoma kwamba imani ni ushahidi wa yasiyoonekana, kwa maneno ambayo jirani yake Mwislamu amekwisha kuyatafakari.

Mfano wa pili ni mazungumzo ya Yesu na Nikodemo katika sura ya 3 ya Injili ya Yohana. Katika Kiyunani neno moja hutaja upepo na pia roho, na mazungumzo yanachezea maana hizo mbili. Kiswahili kingeweza kufanya vivyo hivyo, kwa kuwa upepo na pepo ni ndugu. Lakini pepo kwa watu wa pwani ni yule apandaye kichwani, anayepungwa kwa ngoma. Kwa hiyo wafasiri walichagua roho. Mchezo wa maneno ulipotea, lakini mfano wenyewe haukupotea. Watu walioishi kwa kusi na kaskazi walijua vema kitu kisichoonekana kinachosukuma tanga. Nahodha hauoni upepo, ila huujua kwa mwendo wa chombo.

Mfano wa tatu ndio kiini cha makala haya. Mtume Paulo katika nyaraka zake hutaja, kwa Kiyunani, mtu wa ndani anayefanywa upya wakati yule wa nje anachakaa. Wafasiri wa mwaka 1952 hawakusema "mtu wa ndani". Walisema "utu wa ndani". Badiliko hilo ni la herufi moja tu, lakini maana yake ni kubwa. Mtu wa ndani angeweza kudhaniwa kuwa kiumbe fulani kilichojificha kifuani, mbali na dunia. Utu ni jambo jingine. Wahenga walisema mtu ni utu, na utu hauonekani mpaka pawepo na mwingine wa kutendewa: mgeni anayekaribishwa, yatima anayelelewa, mnyonge anayetetewa. Kwa hiyo anayesoma kwa Kiswahili habari za utu wa ndani hawezi kujifungia. Neno lenyewe linamtoa nje, kama mwali anavyotolewa. Tena fikiri neno hili lilivyo mbele ya historia ya utumwa. Mtumwa alihesabiwa pamoja na bidhaa. Kumwambia kwamba anao utu, nao hauchakai kwa kazi wala kwa kipigo, kulikuwa ni kuikana hesabu ya sokoni tangu msingi wake.

Mtu anaweza kuuliza: je, mahubiri ya ndani hayakutumiwa kuwatuliza wanyonge? Yalitumiwa. Wako wakubwa, katika dini mbalimbali na nchi mbalimbali, waliomwambia mnyonge avumilie njaa ya nje kwa kuwa ndani ameshiba. Dawa ya upotofu huo imo katika maandiko yenyewe. Katika sura ya 17 ya Injili ya Luka, Yesu anaulizwa ufalme wa Mungu utakuja lini, naye anajibu kwamba hauji kwa kuchunguzwa na macho. Neno la Kiyunani linalofuata limewashughulisha wanazuoni kwa muda mrefu. Wafasiri wengine wameliweka kuwa "ndani" ya wasikilizaji, wengine wakasema "kati" yao. Mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi wake: tofauti ni nini? Ufalme ulio ndani tu unaweza kumwacha jirani katika minyororo. Ufalme ulio kati tu unaweza kuwa sheria isiyo na moyo. Waraka mfupi wa Paulo kwa Filemoni unayaunganisha mambo hayo mawili: Onesimo, mtumwa aliyetengana na bwana wake, anarudishwa kwake apokewe kama ndugu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere, akizungumza na watawa wa Maryknoll huko New York, alilitia jambo hili katika maneno ya siku zetu, akawaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kuipinga mifumo inayowaweka watu katika umaskini na unyonge litapoteza maana yake kwa binadamu.

Uwezo wa kulichukua neno na kulifanya lake mtu mwenyewe ulionekana mapema. Daudi Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, hapakuwa na padre wala Mzungu karibu. Wenzake Waafrika waliuzika moyo wake chini ya mti. Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekuwa ameokolewa kutoka utumwani na kusomeshwa Nasik huko Bara Hindi, alisoma ibada ya maziko na kuchora jina la marehemu katika mti huo. Kisha Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili kwa safari ya miezi mingi, wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, na mwili ukawekwa katika kanisa la misheni kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Hakuna aliyewaamuru kuifanya safari hiyo. Ile ilikuwa imani iliyoonekana kwa miguu.

Tusidhani pia kwamba uchunguzi wa mambo ya ndani ulikuwa mali ya Wakristo peke yao. Kizazi kimoja baadaye, katika mji huo huo, alipata sifa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Asili yake ilikuwa Manyema, upande wa mashariki ya Kongo, naye aliletwa Bagamoyo utotoni akiwa mtumwa. Alijitafutia elimu mpaka akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, inayofuata mafundisho ya Abdulkadir Jilani wa Baghdad aliyefariki mwaka 1166. Kabla ya kufa kwake mwaka 1931, wazawa wa koo kubwa na wazao wa watumwa walikaa pamoja katika halka ya dhikiri, wakilitaja jina la Mungu kwa ulimi mpaka liingie moyoni. Sheria ya kufuta utumwa katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1922. Lakini Bagamoyo ilikuwa imekwisha kumwona mtu aliyekuwa mtumwa akiwaongoza waungwana katika sala, kwa sababu ya kile walichokitambua ndani yake.

Mtaa wa misheni na mtaa wa tarika havikukubaliana katika mambo ya itikadi, na hatuna sababu ya kujifanya kwamba vilikubaliana. Hata hivyo vilitumia lugha moja, vilizungumza juu ya moyo mmoja wa binadamu, na katika pande zote mbili waliosikiliza kwa makini zaidi walikuwa watu ambao ulimwengu wa nje ulikuwa umewanyang'anya kila kitu. Hilo ni fundisho kubwa la historia ya utamaduni wetu. Sehemu ya hazina ya Kiswahili tunayojivunia, maneno kama utu, imani, dhamiri na hakika, ilisuguliwa na kung'arishwa na watu waliowahi kuuzwa.

Basi jibu la swali letu haliwezi kuwa la upande mmoja. Mafundisho ya ndani yalimpa mtumwa silaha ambayo bwana wake hakuweza kumnyang'anya. Na mafundisho hayo hayo, mikononi mwa mwenye amri, yaliweza kumtuliza asidai haki yake. Kipimo cha kuyatenganisha ni kile walichokijua makungwi wa Kerege na Bunju tangu zamani. Aliyewekwa ndani atazamwe siku atakapotoka. Imani inayomtoa mtu akiwa na utu zaidi kwa wenzake imetimiza kazi yake, na ile inayomwacha ndani milele, akiyapenda mawazo yake mwenyewe, bado haijamfunda.

Mwalimu anayewaleta wanafunzi wake Bagamoyo atawaonyesha, kama ilivyo desturi, makaburi, mnara wa kanisa la zamani na magofu ya mawe. Awaambie pia wasimame kidogo mbele ya makaburi ya waliokombolewa, wafikiri kwamba kila mmoja wao aliwahi kutajiwa bei, na kwamba kila mmoja alikufa akiwa na jina.